Hosiyat Aliyeuliza Jani Kwanza

Kila mwaka, miforosadi, miti ya kulishia viwavi, ilipochipua, Hosiyat aliwahamishia watoto wake barazani, na chumba kikubwa cha nyumba akawapa viwavi wa hariri. Kwetu bondeni waliofanya hivyo ni wengi, hata mama yangu alifanya. Lakini Hosiyat alifanya kwa miaka thelathini na moja na hakupoteza trei hata moja, na hilo sijalisikia kwa mwanamke mwingine. Viwavi ni viumbe wa kudeka. Ukikaanga kitunguu karibu nao, wanasusa. Ukiwapa jani lenye umande, wanalegea na kufa kwa mamia kabla ya adhuhuri. Kwenye nyumba za watu, viwavi wakilegea, maneno huanza: ni nani aliyeingia, ni mgeni gani mwenye jicho baya. Hosiyat hakuwa na habari na mgeni. Aliinama, akachukua jani walilokuwa wakila, akalipapasa kwa shavu lake.

"Kiwavi hasemi, Inobat," alikuwa akiniambia. "Jani ndilo linalosema. Kwanza uliza jani."

Naandika habari zake kwa sababu watu wakimtaja siku hizi wanataja hariri tu. Mimi nilimwona akifanya jambo kubwa kuliko hariri, tena kwa wanyama ambao wengine wetu tungewafagia na taka.

Magoti yalipomzidi, asiweze tena kupanda juu ya mti kukata matawi, alikuja kwenye shule ambayo mimi nilikuwa mfagizi. Akapewa chumba cha wanyama. Chumba hicho kipo tangu enzi za baba zetu: kobe wawili, kasuku mmoja mwenye matusi, samaki, na wale ambao watoto huwakimbilia kabla hata hawajavua makoti, simbilisi. Ni wanyama wa ukoo wa panya, wanene kama mkate uliotoka tanurini, hawana mkia, hawaumi mtu. Wakisikia mfuko wa majani ukichakarika tu, wanapiga mluzi wote kwa pamoja mpaka mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani anagonga ukuta. Walikuwa kumi na watatu, na kila mmoja watoto walimpa jina. Pamba, Tikiti, Bibi Harusi, na dume kubwa la kahawia lililoitwa Sultani.

Siku ya kwanza Hosiyat aliwatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Hawa ni viwavi wenye manyoya," akasema. "Tutaelewana."

Wakaelewana kweli, miaka minne. Sasa nifike kwenye ule mwezi wa Novemba, maana hapo naingia mimi, na sitajificha.

Nilikuwa nikifagia madarasa naokota vipande vya mkate chini ya madawati. Kwetu mkate hautupwi, wala hauwekwi kifudifudi. Ukianguka unaokotwa, unabusiwa, unagusishwa kwenye paji la uso, ndipo unawekwa mahali pa juu ambapo ndege ataufikia. Mimi nilikuwa nikiokota na machozi yananitoka. Nikamwendea Mwalimu Mkuu Muazzam, nikamwomba ruhusa ya kuweka sanduku mlangoni, nimelitandika kitambaa cheupe, ili kila mkate uliobaki uende kwa simbilisi. Alifurahi sana. Watoto nao walifurahi, wakawa wanaleta hata mikate mikavu ya nyumbani kwao. Kila asubuhi nilimpelekea Hosiyat sanduku limejaa, naye alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ni nani atakayekataa mkate? Nililala usingizi mtamu majira yale ya baridi. Nilijiona nimeweka akiba mbele ya Mola wangu.

Hata mlinzi wa geti, Mzee Mamasoli, nilimgombeza. Yeye alikuwa anakaa na madume mawili ya simbilisi kwenye kibanda chake, waliotolewa chumbani tangu Septemba kwa sababu ya kupigana na Sultani. Nilimwona anakula mkate wote yeye mwenyewe, wale wanyama wanamtazama.

"Kaka Mamasoli, huogopi? Hata kipande!"

"Dada Inobat, mimi sina meno. Mkate nalowesha kwenye chai. Nikiwapa hawa, niloweshe nini, vidole?"

Nikaondoka nikisema moyoni, bahili huyu.

Mwanzoni mwa Februari, Sultani hakuja mlangoni mwa kizimba. Siku ya pili alikuwa anaburuta miguu ya nyuma. Ukimbeba alilia kwa sauti nyembamba ya kuumiza moyo. Kisha Tikiti, kisha Pamba. Manyoya yakasimama, macho yakazama, na ule mluzi wao ukakatika kabisa. Mwalimu wa hesabu mwenyewe alikuja mlangoni kuuliza, "Kulikoni? Mbona kimya?"

Nikaleta majani yetu ya kufukiza, nikazungusha moshi kwenye vizimba vyote nikisoma dua.

"Fukiza, mdogo wangu," Hosiyat akasema, "mama zetu walifukiza. Ila fungua dirisha, wasije wakafa kwa moshi tukasema ni husuda."

Mwalimu Muazzam akamwita Daktari Ergash. Ni daktari wa mifugo, mtu wa kondoo na ng'ombe, mikono yake mikubwa kama koleo za kutolea mkate tanurini. Nasema kwa haki kwamba hakuwa mzembe. Aliwapima meno, akakagua ngozi kwa kioo cha kukuzia, akachukua kinyesi akakitazama kwenye hadubini yake. Akarudi siku ya pili yake, Jumanne, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni.

"Si minyoo," akasema. "Si upele. Ni kitu cha ndani."

"Basi wape dawa," Mwalimu Muazzam akasema.

"Dawa ya nini? Sindano ninayowachoma kondoo itawaua hawa kabla ya ugonjwa wenyewe. Hilo nalijua. Siwezi kuchoma nisichokijua."

"Tutajuaje sasa?"

Akavua kofia, akaiweka gotini. "Chagueni wawili walio hoi zaidi. Nitawalaza, nitawafungua, vipande nivipeleke maabara ya mkoa. Majibu ni wiki tatu. Mpaka hapo chumba kifungwe, mtoto asiingie. Na ikionekana ni ugonjwa wa kuambukiza..." Akapitisha mkono hewani juu ya vizimba vyote, mara moja, kama mtu anayefuta ubao.

Wazazi walikuwa wameshaanza kuuliza. Mwalimu Muazzam alikuwa mweupe usoni. "Mama Hosiyat," akasema taratibu, "wachague wewe. Wewe ndiye unayewajua."

Mimi nilishika ufagio nikaangalia sakafu. Hosiyat alikuwa amempakata Sultani kwenye aproni yake.

"Mwanangu Ergash, majibu yakija, hao wawili watafufuka?"

"Hapana, mama."

"Na hawa wengine, wiki tatu hizo, watakuwa hai?"

Daktari akamtazama Sultani, akatazama pembeni. "Sidhani."

"Sasa hayo majibu ni ya nani?"

"Ni ya watakaokuja baadaye, mama."

"Hayo ni maneno ya haki. Lakini watakaokuja wana muda. Hawa hawana." Akampapasa Sultani sikio. "Usidhani sitaki kujua. Nataka kujua kuliko wewe. Ila kuna maswali yanayoulizwa kwa kisu, na kuna yanayoulizwa kabla ya kisu. Nipe nafasi nimalize haya ya kabla. Mmoja akifa siku yake ikifika, nitakuletea mimi mwenyewe, umfungue, maiti haiumwi. Na nikimaliza maswali yangu yote nisipate kitu, wawili unaowataka nitakushikia kwa mikono hii."

Ergash akacheka, si kwa dharau. "Mama, wewe udaktari umesomea wapi?"

"Kwa viwavi."

"Viwavi hawana hata mfupa!"

"Ndiyo maana nimejifunza kutazama. Wewe una mifupa ya kushikashika."

Mwalimu Muazzam akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Wakakubaliana mpaka Alhamisi ya wiki ya pili. Siku tisa. Chumba kikafungwa, kikabaki na mimi na yeye.

Hosiyat akaazima mizani ndogo ya muuza viungo, akawa anawapima kila asubuhi mmoja mmoja. Wote walikuwa wanashuka. Akatafuna zile nyasi kavu kwa meno yake, akazitema: hazina kuvu. Akaonja maji yao. Akapiga magoti, magoti yale mabovu, akanusa pumba za kulalia. Kisha akafungua midomo yao kwa kidole kidogo na kuniita nilete kurunzi.

"Unaona nini?"

"Damu. Fizi zinatoka damu."

"Haya. Weka moyoni."

Ijumaa asubuhi tulimkuta Bibi Harusi amekufa. Alikuwa mzee kuliko wote. Hosiyat alimfunga kwenye leso safi, akamtia chini ya koti lake kama mtu anayemkinga mtoto na baridi, tukaenda kwa miguu hadi zahanati ya mifugo. Ergash alipotuona akasafisha meza. Hosiyat akasimama kando yake muda wote, hakugeuza uso.

"Mapafu safi," daktari akawa anasema. "Ini safi. Wengu... safi. Hakuna usaha. Lo! Tazama hapa."

Magoti ya mnyama yule yalikuwa na damu iliyovilia chini ya ngozi. Mbavu vilevile.

"Kama amepigwa," Ergash akasema. "Nani amempiga?"

"Hakuna mtu chumbani ila mimi na huyu," Hosiyat akajibu, "na huyu hawezi kupiga hata zulia."

"Kwa kondoo sijawahi kuliona hili."

"Ni la kuambukiza?"

Akafikiri. "Halifanani na la kuambukiza. Kuapa siapi."

"Sijakuomba uape. Hilo linanitosha kwa leo."

Tukarudi shule. Tulipofika getini, kabla sijasukuma mlango, tukasikia mluzi. Mluzi mkali, wa furaha, wa simbilisi mwenye afya. Mwezi mzima tulikuwa hatujausikia. Hosiyat akanishika mkono, akanikaza.

Ulikuwa unatoka kwenye kibanda cha Mzee Mamasoli. Tukaingia bila hodi. Madume yale mawili yalikuwa yamesimama kwa miguu ya nyuma kwenye ukingo wa sanduku lao, manyoya yanang'aa, matumbo yamejaa.

"Kaka Mamasoli," Hosiyat akasema, "unawalisha nini hawa?"

Mzee akaninyooshea kidole mimi. "Amekutuma kunishitaki? Nilimwambia mkate siwezi kuwapa!"

"Sijauliza usichowapa. Nauliza unachowapa."

"Nyasi kavu kama nyie. Na mabaki yangu." Akaonyesha birika. "Nanywa chai ya matunda ya waridi-mwitu kwa ajili ya kifua. Yakishalowa nawapa, wanayapenda mno. Na kotmiri." Pale dirishani kwake kulikuwa na makopo sita ya kotmiri, kijani kibichi, na nje theluji. "Kila siku nakata, nusu ya supu yangu, nusu yao. Huyu mweusi nisipompa ananitukana."

Hosiyat akakaa juu ya kitanda cha mzee bila kukaribishwa. Akachuma jani moja la kotmiri, akalipapasa kwa shavu, vile vile kama nilivyomwona zamani akipapasa la mforosadi.

"Jani, Inobat," akasema. "Chumbani kwetu umeona jani bichi tangu lini?"

Nikakumbuka. Zamani jiko la shule lilikuwa linatupa majani ya kabichi na maganda ya karoti. Tangu Novemba jiko linatengenezwa, chakula kinaletwa kimepikwa tayari, na hakuna aliyeuliza maganda yameenda wapi, kwa sababu palikuwa na sanduku langu. Kila asubuhi limejaa. Wanyama walikuwa wanashiba mkate mpaka hata nyasi wanaziacha.

"Ni sanduku langu," nikasema. "Dada, ni mimi niliyewaua."

"Sanduku letu. Ni mikono ya nani iliyokuwa ikilimimina?"

"Nilitaka thawabu tu."

"Na utaipata, nia yako ilikuwa njema na Mungu anaijua. Lakini tumbo haliijui nia, mdogo wangu. Tumbo linajua jani." Akasimama akiegemea bega langu. "Utalia jioni. Sasa hivi nikusanyie yale matunda ya waridi-mwitu, na wewe kaka Mamasoli niazime makopo mawili."

"Mawili? Chukua manne. Huyu mweusi atanielewa."

Mchana ule ule alirudi zahanati, mimi nyuma yake. Akamweleza Ergash moja baada ya jingine: fizi, magoti, mkate, madume ya getini. Daktari alikuwa anakunywa chai. Akaweka bakuli la chai chini, akajipiga paji la uso kofi mpaka mbwa wa nje akabweka.

"Kiseyeye!"

"Ni nini hicho?"

"Ugonjwa wa kukosa vitamini C, mama! Kondoo anaitengeneza mwenyewe mwilini, ng'ombe anaitengeneza. Binadamu hawezi, na huyu mnyama wako hawezi. Nilifundishwa hili nikiwa bado na nywele. Kondoo wamenisahaulisha." Akaanza kutafuta kalamu. "Tuchukue damu ya wote tupeleke mji mkuu, tupate uhakika kwenye karatasi."

"Damu ya mnyama asiyeweza kusimama?" Hosiyat akauliza. "Ikirudi karatasi ikasema ndiyo, utawapa nini?"

"Majani. Na matone ya vitamini."

"Na ikisema hapana?"

Akaacha kutafuta kalamu. Kisha akacheka. "Nitawapa majani na matone vilevile, niangalie."

"Basi karatasi ya nini? Tuwape. Wakiinuka, hilo ndilo jibu. Wasipoinuka, Alhamisi njoo na mfuko wako, ahadi yangu ipo."

Zilibaki siku sita. Aliwaambia watoto ukweli wote, kupitia mlango uliofungwa, isipokuwa jina la mwenye sanduku. Asubuhi ya Jumamosi lile sanduku langu lenye kitambaa cheupe lilikuwa pale pale mlangoni, ila ndani limejaa kotmiri, majani ya kabichi, hata limau ambalo mtu alilichuma kwenye mlimau wa chunguni nyumbani kwao. Mama zao walinyoa makopo yote ya madirishani mwao. Mkate tukampa shemeji yake Mzee Mamasoli mwenye kondoo, naye akaleta salamu: "Kondoo wamesema mbona mlichelewa."

Hosiyat alilowesha waridi-mwitu kwenye maji ya uvuguvugu, hakuchemsha, akawanywesha kwa kibomba cha dawa, tone baada ya tone, asubuhi, mchana na alasiri. Sultani alikuwa haubebi hata uzito wa kichwa chake. Jumapili nilidhani tumempoteza. Hosiyat aliswali adhuhuri akiwa naye pembeni ya mswala, akatoa salamu, akaendelea kumnywesha. Jumatatu Pamba alitafuna jani peke yake. Jumanne mizani ilikataa kushuka. Jumatano fizi zikawa kavu, lakini chumba bado kimya kabisa, na ule ukimya ulinitisha kuliko mizani.

Alhamisi Daktari Ergash alikuja na mfuko wake. Nyuma yake Mwalimu Muazzam, na nyuma ya mwalimu, kwenye korido, watoto waliokatazwa kuja.

"Mama," Ergash akasema kutoka mlangoni, "siku tisa."

"Nazijua. Usiingie bado. Nyamaza tu."

Akachukua mfuko wa majani, ule wa nguo ngumu, akaukunjakunja mara moja mkononi.

Hakuna kitu. Nilisikia saa ya ukutani. Nikamwona Mwalimu Muazzam anafumba macho.

Akaukunja tena.

Kutoka kizimba cha mwisho ukatoka mluzi mmoja, mwembamba, wenye kigugumizi, kama wa mtu anayejaribu sauti baada ya homa. Sultani. Akajiburuta, miguu ya nyuma inatetemeka, akafika kwenye wavu, akaushika kwa miguu ya mbele, akasimama wima. Akapiga tena, mkali. Pamba akajibu. Tikiti akajibu. Kisha wote kumi kwa pamoja, kelele zikajaa chumba zikamwagika korido, kasuku akatukana, watoto wakapiga makelele, na ukutani tukamsikia mwalimu wa hesabu akigonga, gong, gong, gong, ila safari hii alikuwa anafuata mdundo.

Ergash alivua kofia yake. Aliushika ule mfuko kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

"Jibu umelisikia, mwanangu?" Hosiyat akamuuliza.

"Nimelisikia, mama. Mpaka mkoani wamelisikia." Akainama, akambusu mkono, mtu mzima yule mwenye mikono kama koleo. "Wiki ijayo nina ng'ombe wanaoharisha kule juu. Utakuja?"

"Wanakula nini?"

"Hilo sijauliza."

"Basi unajua pa kuanzia."

Mwalimu Muazzam akafungua mlango wote. Watoto wakaingia na makopo yao ya kotmiri, arobaini kama si hamsini, wanasukumana, wanacheka, udongo unamwagika, majani yanadondoka, theluji ya viatu inayeyuka sakafuni niliyoisugua asubuhi. Mwanafunzi mmoja wa darasa la pili akaniuliza, "Shangazi Inobat, hufagii?"

"Leo sifagii," nikamwambia, nikaokota jani moja lililokanyagwa, nikalipangusa, nikampelekea Sultani mwenyewe.